Spana Kabla ya Swali: Uvujaji wa Mafuta katika Mitambo Mizito ya Dizeli

Greda inapoonekana imelowa mafuta ubavuni mwa injini, jambo la kwanza linalofanywa katika karakana nyingi ni kuchukua spana. Fundi hutafuta nati iliyo karibu zaidi na ule unyevu, huikaza mpaka mkono ugome, hufuta kwa kitambaa, kisha mtambo hurudishwa kazini. Baada ya siku mbili unyevu hurudi, na aghalabu huwa mwingi kuliko wa kwanza. Hapo ushauri hubadilika: pampu inunuliwe mpya. Pampu huagizwa, mtambo husimama wiki kadhaa ukiingojea, barabara ya changarawe iliyokuwa ikichongwa hunyeshewa na kukatika, na pampu mpya inapofungwa injini huzimika mlimani vilevile kama ilivyokuwa ikizimika awali. Kosa halikuwa katika pampu. Lilikuwa katika mpira uliochakaa karibu na tangi, mahali ambapo hapakuonekana hata tone moja la mafuta.

Wapo wanaodai kuwa mambo haya yanatokana na uhaba wa vipuri, na wengine husema ni uzembe wa mafundi. Madai hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Vipuri hata vikijaa ghalani haviwezi kumwonyesha mtu mahali pa kuvifunga, na fundi mwenye bidii nyingi asiyejua anachokitafuta huharibu zaidi kuliko mvivu. Kinachokosekana kwanza ni swali lenyewe: katika mahali hapa panapotiliwa shaka, kanieneo ya mafuta ndani ya bomba ni kubwa au ni ndogo kuliko kanieneo ya hewa iliyo nje? Swali hilo ni la fizikia ya vidato vya chini. Mwanafunzi huliimba katika habari ya barometa ya zebaki na kulijibu vizuri katika mtihani, ilhali fundi aliye mita mia tatu kutoka darasa hilo hubadilisha pampu nzima kwa sababu hakuna aliyempa kanuni hiyo kwa namna inayomfaa. Utengano huo ndio unaostahili kulaumiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Injini iliyobuniwa na Rudolf Diesel, ambayo ilifanya kazi kwa mafanikio huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina cheche ya kuwashia mafuta. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha mafuta hunyunyizwa humo nayo huwaka yenyewe. Mwanzoni mafuta hayo yalisukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa, kazi iliyohitaji mtambo mkubwa wa kando. Ndiyo maana dizeli za mwanzo zilikaa viwandani na melini. Pampu ndogo ya kunyunyizia, ambayo kampuni ya Robert Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, ndiyo iliyoiwezesha dizeli kupanda juu ya malori, matrekta na mabuldoza. Lakini pampu hiyo ilileta hali mpya: katika mtambo mmoja, mafuta yale yale hupita katika maeneo yenye kanieneo zinazotofautiana mno.

Tangu tangini hadi kwenye pampu ndogo ya kuvutia, mafuta kwa kawaida huvutwa. Kanieneo yake mtambo unapofanya kazi huwa chini ya ile ya angahewa, ambayo ni takriban kilogramu 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kutoka pampu ndogo, kupitia chujio, hadi pampu ya kunyunyizia, mafuta husukumwa kwa kanieneo ya kilogramu chache tu. Kisha, kutoka pampu ya kunyunyizia hadi kwenye nozeli, kanieneo hupanda ghafla. Katika injini nyingi za zamani nozeli hufunguka kanieneo inapofika baina ya kilogramu 150 na 250 kwa sentimita ya mraba, na katika mitambo ya kisasa inayoongozwa na kompyuta hupita 2,000. Mafuta yanayobaki hurudi tangini polepole kwa bomba jingine. Kwa hiyo neno moja la “kuvuja” hutumiwa kwa mambo ambayo hayafanani hata kidogo.

Upande wa kuvuta ndio wenye hila. Tundu likitokea huko, injini inapounguruma mafuta hayatoki. Hewa ndiyo inayoingia. Mtambo ukizimwa, na ikiwa tundu liko chini ya usawa wa mafuta tangini, hapo ndipo tone huonekana. Likiwa juu ya usawa huo halidondoshi chochote wakati wowote, bali usiku kucha hewa hupenya na mafuta hurudi polepole tangini, na asubuhi dereva huhangaika kuwasha mpaka betri inakwisha nguvu. Mchana injini hupoteza nguvu katika mwinuko, hukohoa, huzimika. Utingo hutoa upepo kwa pampu ya mkono, nayo huwaka tena na kwenda kilomita chache. Dalili hizo zote zinafahamika vizuri kwa madereva. Lisilofahamika ni kwamba zinatokana na uvujaji, kwa kuwa mtambo wenyewe ni mkavu.

Kwa nini upepo kidogo hivyo ulete balaa kubwa hivyo? Hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni. Injini yenye silinda 6, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika na kutumia lita 36 za dizeli kwa saa, hunyunyiza mafuta mara 1,000 kwa dakika katika kila silinda, yaani mara 360,000 kwa saa katika silinda zote. Gawanya mililita 36,000 kwa idadi hiyo, na jibu ni sehemu ya kumi ya mililita kwa kila mnyunyizo. Sasa weka katika pampu kipovu cha hewa cha ukubwa huo huo, yaani kikubwa kidogo tu kuliko punje ya choroko. Dizeli ikikandamizwa kwa kanieneo ya kilogramu 200 hupungua ujazo wake kwa karibu sehemu moja katika mia. Hewa, kwa kanuni ya Boyle, hupungua mpaka ikabaki sehemu moja katika mia mbili. Pistoni ndogo ya pampu hutembea mwendo wake wote ikikandamiza kipovu, na nozeli haifunguki kamwe. Pampu haina ubovu wowote. Imepewa kitu ambacho haikuumbwa kukisukuma.

Njia ya kuthibitisha jambo hili haihitaji vyombo vya gharama. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kinachostahimili dizeli, hufungwa kabla ya pampu ndogo, na vipovu vikipita huonekana kwa macho. Baada ya hapo bomba linalotoka tangini huondolewa, na pampu ndogo huvutishwa mafuta safi kutoka katika kidumu kilichosimamishwa pembeni kwa mpira mzima. Ikiwa vipovu vimekoma na injini imepata nguvu, kosa liko kati ya tangi na pampu. Ikiwa vimeendelea, liko mbele zaidi. Hilo ni jaribio la kulinganisha, sawa kabisa na lile ambalo mwalimu wa biolojia hulifanya kwa kuweka mmea mmoja gizani na mwingine kwenye mwanga. Huchukua muda usiozidi nusu saa. Ni vigumu kuelewa kwa nini pampu nyingi hushushwa kabla halijafanywa.

Katika upande wa kusukuma na ule wa kurudisha, mafuta hutoka nje, na hapa macho yanafaa kitu. Hata hivyo, mahali palipolowa sipo lazima palipovuja. Dizeli huteremka, hufuata mabomba, na hupeperushwa nyuma na upepo wa feni. Vumbi la barabarani nalo hushika palipo na unyevu na kufanya tope jeusi linaloficha chanzo. Injini ioshwe, ikaushwe, kisha viungo vinavyotiliwa shaka vipakwe unga wa chaki. Tone la kwanza huandika njia yake lenyewe. Pa kuanzia kuchunguza ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa na iliyo mbele zaidi.

Bomba la kurudishia hudharauliwa kwa sababu kanieneo yake ni ndogo. Tarehe 10 Februari 1913 haikuwa na meli ya namna hii, lakini tarehe hiyo hiyo mwaka 2013 meli ya abiria Carnival Triumph, iliyokuwa na zaidi ya watu 4,000, ilishika moto katika chumba cha injini ikiwa katika Ghuba ya Mexico. Uchunguzi ulionyesha kuwa mpira katika njia ya kurudishia mafuta ya injini mojawapo ya dizeli ulivuja na mafuta yakafikia sehemu yenye joto kali. Moto ulizimwa, lakini meli ilikosa umeme, ikaelea na kukokotwa kwa siku kadhaa mpaka Mobile, Alabama. Dizeli ya kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ifike nyuzi 52 hadi 60 za Selsiasi hivi, na kwa sababu hiyo watu huiona kuwa ni mafuta ya upole. Lakini taboo ya injini iliyo kazini, pamoja na bomba la moshi, vyaweza kupita nyuzi 500, na dizeli iliyotawanyika kama ukungu hushika moto kwa urahisi zaidi kuliko ile iliyotulia katika beseni.

Kuhusu hasara ya matone, hesabu zinazotolewa mara nyingi huwa za kukisia. Dizeli ina mvutano wa uso ulio mdogo kuliko ule wa maji, na hivyo tone lake ni dogo. Tuseme matone 40 hufanya mililita moja, idadi ambayo wanafunzi wanaweza kuihakikisha kwa silinda ya kupimia. Tone moja kila sekunde, usiku na mchana, ni lita 2 na kidogo kwa siku, karibu lita 790 kwa mwaka. Si kidogo, na udongo na kisima kilicho jirani hupata sehemu yao. Lakini gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na mtambo uliosimama, na ni upuuzi kuifanya ndiyo sababu kuu ya kupambana na uvujaji. Pia si kila tone ni la uvujaji. Tangi la lita 400 lililojazwa hadi mdomoni alfajiri katika nyuzi 20 huwa na zaidi ya lita 6 za ziada jua linapolipasha hadi nyuzi 40, nazo hutoka katika tundu la kupumulia. Fundi aliyeitwa kuziba “uvujaji” huo hukaza nati zote bila sababu.

Upande wa kanieneo kubwa ni suala la mwili wa binadamu. Mwaka 1937 daktari C. E. Rees aliandika katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani juu ya mafuta ya injini ya dizeli yaliyopenya nyama ya mtu kwa nguvu ya kanieneo. Tangu hapo ajali hiyo imeandikwa mara nyingi, na bado inatokea kwa namna ile ile: bomba limepata ufa mwembamba kama unywele, mafuta yanatoka kama uzi usioonekana, na mtu anapitisha kidole kulitafuta tundu. Jeraha huwa kama la kuchomwa na mwiba. Haliumi sana mwanzoni, na aliyejeruhiwa hujifuta na kuendelea na kazi. Ndani, dizeli imesambaa kando ya kano za mkono na inaua nyama. Asipofika kwa daktari wa upasuaji katika saa chache, aweza kupoteza kidole au mkono. Na daktari lazima aambiwe waziwazi kuwa ni mafuta yaliyoingia kwa kanieneo, la sivyo atafunga bandeji na kumrudisha nyumbani. Pa kutafutia tundu la namna hiyo ni kwa kipande cha boksi au ubao kilichoshikwa kwa mbali, huku macho yamekingwa, na wala nati isilegezwe injini ikiwa inafanya kazi. Katika injini zenye kompyuta ni lazima kungoja baada ya kuzima, kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, mpaka kanieneo ishuke.

Kuna uvujaji wa tatu, ambao hautoki nje wala hauingizi hewa. Dizeli hupita ndani kwa ndani na kuingia katika oili: kwa utando uliochanika wa pampu ndogo, kwa sili ya mhimili wa pampu ya kunyunyizia, au kwa pete za mpira za nozeli zilizofunikwa na kifuniko cha juu. Oili hupungua mnato, haiwezi tena kuzitenga beringi na mhimili wake, na injini husagika. Dalili yake hufurahiwa na wasiojua: kijiti cha kupimia huonyesha kuwa oili haipungui, pengine imeongezeka. Dereva huisifu injini yake kuwa haili oili. Tone la oili hiyo likiwekwa juu ya karatasi ya chujio na kuachwa usiku mmoja, dizeli, iliyo nyepesi, husafiri mbali kuliko oili na kuacha duara lililopauka ukingoni. Jaribio hilo halitoi asilimia kamili, kazi ambayo ni ya maabara, lakini latosha kumwambia msimamizi asiuwashe mtambo kesho. Daftari la kila mtambo lenye safu ya kipimo cha oili kila asubuhi lina thamani kubwa kuliko hotuba nyingi juu ya utunzaji wa mali.

Juu ya kuzuia, neno kubwa zaidi ni kuhusu huko kukaza. Bomba la kanieneo kubwa huziba kwa ncha yake ya pia kukaa barabara juu ya kikalio chake, chuma juu ya chuma. Likikazwa kupita kiasi, pia hiyo hubonyea na haitaziba tena kamwe. Washa za shaba huziba kwa sababu ni laini. Zikishakandamizwa mara moja hukakamaa, na zikirudishwa bila kubadilishwa huvuja hata zikikazwa na watu wawili. Shaba iliyokakamaa yaweza kulainishwa tena kwa kuitia moto mpaka iive nyekundu na kisha kuipoza, jambo ambalo kila mwanafunzi wa kemia anaweza kulijaribu kwa kipande cha waya. Lakini washa mpya ni bora. Halafu kuna vibanio vya mabomba. Bomba likipasuka na kubadilishwa, kibanio chake mara nyingi huachwa sakafuni kwa kuwa kinasumbua kukirudisha. Bomba lisilo na kibanio hutetemeka, metali huchoka, na ufa hutokea mahali pale pale. Kila kibanio kilichookotwa katika sakafu ya karakana ni ufa uliokwisha kuagizwa.

Mpira nao una siri yake. Kuanzia Oktoba 1993, Marekani ilipopunguza salfa katika dizeli ya barabarani, pampu kadhaa za zamani zilianza kuvuja. Salfa yenyewe haikuwa mhusika mkuu. Usafishaji ulioiondoa ulipunguza pia kemikali za jamii ya benzini ambazo huufanya mpira wa nitrili uvimbe. Sili zilizokuwa zimevimba kwa miaka mingi zikasinyaa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni mwaka 2015, na mitambo iliyofanya kazi kwa miongo miwili kabla ya hapo bado imo mashambani na migodini. Fundi anayejua hilo huitazama sili ya zamani kwa jicho jingine kila mafuta yanapobadilika.

Husemwa sasa kuwa maarifa haya yamepitwa, kwa sababu mitambo mipya hujieleza kwa kompyuta. Kompyuta husema kuwa kanieneo ni ndogo; haisemi ni mpira gani umepasuka, wala haijui kama utingo aliacha chujio bila pete yake. Hiyo ni sababu ya kumpa fundi fizikia zaidi, si kumpunguzia.

Na kazi hiyo yaweza kuanza katika shule yoyote. Chupa ya maji huwekwa sakafuni. Mpira unaopitisha mwanga huzamishwa ndani yake na kuunganishwa na bomba la sindano lililo juu ya meza. Mpira hutobolewa kwa pini katikati ya njia. Bomba la sindano linapovutwa, vipovu huonekana vikipanda kutoka pale palipotobolewa, na nje ya mpira hapalowi. Kisha chupa huinuliwa juu ya meza, na bomba la sindano huachwa litulie huku mpira ukining'inia chini ya usawa wa maji. Baada ya muda mfupi, pale pale palipokuwa pakavu, hudondoka maji.